Picha ya ubongo wa nyanya

Leo tuweke kando mambo ya kodi na seva, nigusie jambo lililonikaa kichwani tangu nilipotoka nyumbani, Ogembo.

Nyanya yangu amepita miaka 70. Mwaka jana alianza kuuliza swali lile lile mara tatu kwa saa moja. Baadaye akawa anapotea akitoka shambani, giza linamkuta kwenye maboma ya watu. Kwetu Gusii hilo si jambo dogo. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021 wakauawa akina mama wakongwe wanne huko Marani, kwa madai hayo hayo. Mzee akionekana usiku asikojulikana, jirani hafikirii demensia. Anafikiria mchawi.

Basi tukachanga pesa, nyanya akapelekwa mjini Kisii kupigwa picha ya CT ya kichwa. Mashine ile huzungusha eksirei kichwani, kisha kompyuta hupiga hesabu na kutoa picha za ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Huonyesha vizuri damu iliyovuja, uvimbe, kiharusi au maji yaliyojaa. Baadhi ya hayo hutibika. Mzee aliyeanguka akavuja damu chini ya fuvu anaweza kutolewa damu ile na akili ikarudi. Kwa sababu hiyo pekee, picha ile ina thamani.

Majibu yakaja: hakuna damu, hakuna uvimbe, ubongo umesinyaa kiasi cha umri wake. Baba mdogo akasema, "Kwa hivyo hana ugonjwa." Nikashtuka. Kama hana ugonjwa, watu watasema ana nini?

Nilimweleza hivi. Unaweza kufungua kompyuta ukakuta kila waya mahali pake, na bado programu inapoteza data. CT huona umbo. Ugonjwa wa Alzheimer huanza na protini iitwayo amiloidi kurundikana ubongoni miaka mingi kabla ya usahaulifu, na CT haiioni. MRI huona vizuri zaidi hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, lakini mwanzoni hata hiyo inaweza kuonekana sawa.

Picha inayoonyesha amiloidi kwa mtu aliye hai ni ya PET. Watafiti wa Pittsburgh na Uppsala walichapisha picha za namna hiyo mwaka 2004. Dawa waliyotumia ilikuwa na kaboni-11, ambayo nusu yake huisha kwa dakika 20 hivi. Ikitengenezwa Nairobi, nusu imeisha kabla gari halijatoka kwenye msongamano! Siku hizi zipo za florini-18, nusu yake huisha kwa dakika 110 hivi. Bado Ogembo ni mbali.

Kilichotusaidia ni maswali. Daktari hakumwambia nyanya achore saa, maana hajawahi kushika kalamu. Aliuliza kwa Ekegusii: bado anajua bei ya ndizi sokoni? Anasahau chungu motoni? Anawataja wajukuu? Binamu yangu anayeishi naye alijibu kwa mifano na tarehe. Mwishowe daktari aliandika barua: mama huyu ana dalili za demensia, aangaliwe, asiachwe kutembea peke yake. Baba mdogo mwenyewe aliipeleka kwa naibu wa chifu, kisha ikasomwa kanisani. Sasa jirani akimkuta njiani jioni, anamshika mkono na kumrudisha.

Kwa hivyo, msomaji mwenye mzee anayeanza kusahau: kapige picha ukiweza, ili yanayotibika yajulikane. Lakini ikitoka safi, usimwache mtu aondoke hospitalini akidhani safi maana yake ni mzima. Omba maelezo yaandikwe, tena kwa lugha ambayo kijiji kitaelewa.

Je, kwenu mnafanyaje? Karibuni kwa maoni.