Ukuta Mzuri wa Kwenye Picha

Kila aliyefika Musoma ameyaona majabali yetu ukingoni mwa Ziwa Victoria: mengine laini kwa kupigwa na mawimbi, mengine yamekwaruzika kama mgongo wa mamba. Yako Butiama pia, huko Mwitongo alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Mawe hayo, na kuta za chokaa, na mabati yaliyoshika kutu, ndiyo rangi zetu sisi tufanyao picha kwa kompyuta.

Kazi yenyewe ni hivi. Programu kama Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, hupanga picha kwa matabaka, mfano wa shuka juu ya shuka. Mchoraji huchora umbo la ukuta, kisha huweka juu yake picha ya ukuta wa kweli, akaififisha hata kivuli cha chini kikatokeza. Palipozidi hufuta kwa brashi. Penye kona huipinda ifuate kona. Mtazamaji hatambui palipopita mkono wala palipopita kamera. Ni chumo la halali, na vijana wetu yafaa walijue. Juu ya picha za wenye roho wanavyuoni wana maneno yao. Sisi hapa twasema kuta na mawe tu.

Basi wazee wa msikiti mmoja wa upande wa Bunda walitutaka tuwafanyie picha ya kuombea michango. Jengo lilikuwa limefika kwenye linta, matofali matupu. Tukaliezeka bati jipya, tukalivika plasta ya nyumba moja ya Musoma, na msingi wa mawe ya Butiama. Twakiri kuwa tulijipongeza. Picha ikaenda kwa simu, huyu kampa huyu.

Siku ya tatu, sokoni Mwigobero, mama mmoja muuza dagaa akatuonyesha picha ile ile kwa furaha. Akasema: "Alhamdulillahi, wanangu, wenzetu wa Bunda wamemaliza! Nami nilikuwa nimewawekea fedha ya mifuko miwili ya saruji. Jana nimeitoa kwingine."

Tulinyamaza. Hatukutamka uwongo hata neno moja, na uwongo wetu umetutangulia sokoni.

Ndipo tulipoikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji chini. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwa watu wake. Picha yetu ndilo rundo lile: juu pakavu, chini matofali.

Tukarudi kwa wazee. Mmoja akahofu kuwa matofali yatawavunja watu moyo. Hata hivyo tukakubaliana: picha mbili kwenye karatasi moja, juu msikiti ulivyo, chini unavyokusudiwa, na maneno "Huu ni mchoro" kwa herufi kubwa. Yule mama tulimpelekea wa kwanza, tukamweleza kosa letu. Akaitazama sana, akasema: "Mwezi ujao, inshallah, mfuko mmoja."

Enyi vijana, jifunzeni ufundi huu hata uwe hodari mikononi mwenu, lakini mchoro uitwe mchoro. Mwenyezi Mungu aufanye undani wetu kuwa bora kuliko nje yetu. Amin.