Salama kama nyumba

Nimepotea kidogo, nilikwenda nyumbani Bukoba kuwasalimia wazee. Nimerudi na neno moja linalonisumbua: uhakika.

Sisi wa magazetini tunaulizwa kila jioni. Unapeleka habari, mhariri anasoma aya ya kwanza, anavua miwani: "Una uhakika?" Na kwa majibu hatujambo. Mia kwa mia! Bila shaka! Haki ya Mungu! Waingereza nao wana ya kwao. Mwingereza mwenye uhakika anasema yuko tayari kula kofia yake ikionekana amekosea. Atakwambia pia kuwa hakuna la hakika duniani ila kifo na kodi, usemi ambao Mmarekani Benjamin Franklin aliuandika kwenye barua mwaka 1789, ingawa ulikuwepo kabla yake. Lakini upo mmoja niliofundishwa sekondari ambao hautanitoka. Jambo likiwa halina wasiwasi hata kidogo, Mwingereza husema liko salama kama nyumba.

Basi bwana, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa kidato cha nne, niko nyumbani Ijuganyondo. Kama saa tisa na nusu alasiri ardhi ikanguruma, utadhani lori linapita chini ya sakafu. Sahani zikaanguka, kuku wakaruka, bibi akaita majina yetu wote. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kagera ilipoteza watu wasiopungua 17, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Nyumba yetu ilibaki imesimama, ila ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa wa kuingiza vidole. Usiku ule tulikaa nje, chini ya migomba, kama majirani wote. Baridi ikazidi, bibi akaanza kutetemeka. Tata akanigeukia mimi, si mtu mwingine.

"Wewe unayesoma. Hili jambo limekwisha au bado?"

Wadau, nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa nimetoka kusoma jiografia. Nikajibu kwa sauti ya darasani: "Limekwisha Tata. Nina uhakika."

Sikuwa nimeona kitu wala kumuuliza mtu. Nilipenda tu kuulizwa. Na habari za mitetemo midogo inayofuata baada ya ule mkubwa ilikuwa kwenye kitabu hicho hicho. Niliisoma haraka haraka.

Tata akaingia kuchukua mablanketi. Alikuwa anatoka nayo kupitia jikoni pale ardhi ilipocheza tena, sekunde chache tu. Tofali za juu zikamshukia begani. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mkono ule mpaka leo haunyanyui jembe. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Neno hakika na neno haki yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Ninavyoona mimi, ukimwambia mtu "nina uhakika", umempa haki ya kutembea juu ya maneno yako. Yeye hajui kama ni sakafu au ni mkeka uliotandikwa juu ya shimo. Anakanyaga tu.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa nyumbani tena, nina miezi michache tu kazini. Asubuhi ile ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Nikakimbilia ufukweni. Wavuvi walikuwa wameshafika na mitumbwi yao. Namba za waliookolewa zilikuwa zinapishana kila ukiuliza. Simu ikaita, shangazi yangu. Mtoto wa jirani yake alikuwemo ndani.

"Mwanangu, uko hapo hapo. Amepona?"

Pembeni yangu kulikuwa na mtu anasema wote wametoka, anaapa kabisa. Ningeweza kulichukua neno lake nikampa shangazi, na angenibariki. Nikakumbuka mablanketi.

"Shangazi, naona ndege, mkia uko juu ya maji. Nimeona watu wakitolewa wakiwa hai. Yeye sijamwona. Nikimwona nakupigia."

Akanyamaza, halafu akasema, "Haya. Basi nasubiri." Alisubiri mpaka jioni. Katika watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa, na kijana yule alikuwa mmoja wao. Shangazi aliniambia baadaye kwamba siku ile watu wengi walimpigia kumwambia kijana mzima, na kila simu ilimzika upya.

Tangu hapo mhariri akiniuliza kama nina uhakika, namwambia nimeona nini, nimeambiwa na nani, na nini bado sijakipata. Kuna siku habari yangu inawekwa pembeni kwa sababu hiyo. Sawa tu.

Safari hii, wakati naaga, Tata alinisindikiza mpaka barabarani, begi langu kalibeba kwa ule mkono mzima.

"Krismasi utakuja?"

"Nimeomba likizo, Tata. Bado sijajibiwa."

Akacheka. "Hilo nimelielewa."

Haya wadau. Mara ya mwisho uliposema "nina uhakika", ulikuwa umeona nini?