Dawa Itokayo Katika Damu Yake Mwenyewe

Je, ni haki kutumia fedha kumtibu mbwa katika mji ambamo watu wanalala chini ya maturubai? Kwetu sisi wakazi wa Bunia swali hili si la kubuni. Kambi ya Kigonze imo ndani ya mji wetu, na karibu kila familia inamjua mtu aliyefika huko kutoka Djugu au Irumu akiwa na furushi moja la nguo. Swali lenyewe lilibisha hodi nyumbani kwetu, nami nimeona vema kuwashirikisha ndugu wasomaji jinsi tulivyolijibu, kwa maana ndani yake mna jambo la elimu na jambo la dhamiri.

Mama yangu mzazi ni mjane, naye anakaa Mudzipela. Mbwa wake anaitwa Watasema. Huyu si mbwa wa mapambo. Katika Ituri mbwa ana kazi tangu zamani: wawindaji wa msituni huenda naye wakimfunga kengele ya mti shingoni, kwa kuwa mbwa wa asili wa kule habweki. Huko kusini, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa wanusaji kinachowasaidia walinzi wake tangu mwaka 2011. Kazi ya Watasema ni ndogo zaidi, lakini kwa mama ni kubwa. Hubweka kabla mgeni hajafika langoni, na katika miaka hii ya mashaka sauti yake ndiyo inayomwezesha mama kufumba macho.

Katika majira ya mvua yaliyopita, Watasema alianza kuchechemea mguu wa nyuma. Baada ya majuma machache akawa haamki asubuhi pasipo kulia. Majirani walimshauri mama amwondoe, atafute mtoto wa mbwa mwingine. Mama aliwajibu, “Amenilinda miaka minane. Nikizeeka mimi, mtanibadilisha?”

Habari zikamfikia mjukuu wake anayeishi Liège, Ubelgiji. Akapiga simu akasema, “Nyanya, mbwa wangu aliumwa goti, wakamponya kwa damu yake mwenyewe. Mtafute daktari, mimi nitatuma fedha.” Mama hakuelewa damu inawezaje kuwa dawa ya mwenye damu. Kwa kuwa mimi hufundisha biolojia katika shule ya sekondari, aliniita nimfafanulie.

Nilianza na kidonda, kwa sababu kila mtu anakijua. Mtu akijikata kwa kisu, damu hutoka, kisha hukoma yenyewe. Pamoja na chembe nyekundu na chembe nyeupe, damu ina vipande vidogo sana viitwavyo chembe sahani. Mtaalamu Giulio Bizzozero wa Torino, Italia, alivieleza mwaka 1882. Chembe hizo hukimbilia palipopasuka, hushikamana na kuziba. Lakini kazi yake haiishii hapo. Zikiisha kuziba, humwaga protini zinazoziita chembe nyingine zije kujenga upya, kuotesha mishipa midogo na kufunga nyama iliyoachana. Anayeziba ufa ndiye pia anayewaita mafundi.

Kutokana na elimu hiyo waganga walijiuliza: je, tukizikusanya chembe sahani nyingi na kuzipeleka mahali palipochakaa, mahali ambapo damu hufika kwa shida? Mwaka 1998 Robert Marx na wenzake, wapasuaji wa taya huko Marekani, walitangaza kwamba walizitumia kusaidia mfupa uliopandikizwa katika taya. Baadaye njia hiyo ilitumiwa kwa wanamichezo, kwa farasi, na kwa mbwa.

Namna ya kuitayarisha si fumbo. Daktari huvuta damu kidogo ya mbwa na kuichanganya na dawa ya kuzuia isigande. Huiweka katika mashine inayoizungusha kwa kasi, na damu hujitenga kwa uzito wake: chembe nyekundu huzama chini, maji ya manjano yaitwayo plazma hubaki juu. Chembe sahani hukusanywa katika sehemu ndogo ya plazma hiyo, zikiwa nyingi mara kadhaa kuliko kawaida. Kisha mbwa hulazwa usingizi mwepesi, manyoya hunyolewa, na plazma hiyo hudungwa ndani ya kiungo kinachouma.

Je, inaponya? Hapa nilimwomba mama asikie pande zote mbili. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao kwa mbwa 20, kila mmoja akiwa na kiungo kimoja kilichochakaa. Wengine walidungwa chembe sahani zao wenyewe, wengine maji ya chumvi tu. Baada ya majuma 12, waliopata chembe sahani walichechemea kidogo zaidi, na maumivu yao yalipungua. Hilo ni jambo jema. Lakini mbwa 20 ni wachache, na kila kliniki hutayarisha plazma kwa namna yake, hata ni vigumu kulinganisha matokeo. Tena dawa hii hairudishi gegedu iliyokwisha kulika kabisa, wala haiungi kano ya goti iliyokatika yote; hiyo hudai upasuaji. Anayeahidi kwamba mbwa mzee atarudi kuwa kijana anauza maneno.

Kabla ya kuzungumza habari ya fedha, tulimwita daktari wa mifugo amwone Watasema. Alimfunua masikio na kutenganisha vidole vya miguu, akaonyesha kupe wa rangi ya kahawia wamejipanga kama punje za mtama. Ufizi ulikuwa umepauka. Alichukua tone la damu, akalitazama kwa hadubini, akasema chembe sahani zilikuwa chache mno. Ugonjwa unaoletwa na kupe hao, uitwao ehrlikia, huziangamiza chembe hizo zenyewe, na mara nyingine huvimbisha viungo hata mbwa akachechemea.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Basi hata tungekuwa na mashine ya Ulaya, tungekusanya nini?” Swali lake lilikuwa sahihi kuliko maelezo yangu yote. Dawa ile hukopa kwa mgonjwa mwenyewe, na damu ya Watasema haikuwa na cha kukopesha. Ilipaswa kwanza kutunzwa.

Alipewa doksisaiklini kwa majuma manne. Kupe waliondolewa mmoja mmoja, na mahali anapolala pakasafishwa. Chakula kilipunguzwa kidogo ili goti lisibebe uzito wa bure, na mtoto wa jirani akawa anamtembeza polepole jioni. Mwezi wa pili alisimama bila kulia. Hajapona kabisa, asubuhi za baridi bado huuvuta mguu, kwa maana goti lenyewe limechakaa. Lakini usiku hubweka.

Sasa nirudi kwenye dhamiri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika ibara moja tu ya 2418, inaweka mambo mawili pamoja: kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu, na haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu ya watu. Wengi hushika nusu wanayoipenda. Mwenye mali hushika ya kwanza, na asiyempenda mbwa hushika ya pili. Mama alizishika zote mbili. Alimtajia mjukuu wake gharama ya dawa na ya daktari, asiongeze hata faranga moja. Mjukuu alipouliza fedha iliyobaki aifanyie nini, mama alimtajia mwanamke mmoja wa Kigonze ambaye binti yake alikuwa amefukuzwa shule ya sekondari kwa ajili ya karo.

Siidharau dawa ile ya Ulaya. Siku mashine ikifika Bunia kwa bei tunayoiweza, na damu ya Watasema ikiwa nzima, sitaona aibu kumpeleka. Ila nimejifunza kwamba uponyaji wa aina hiyo hujengwa juu ya matunzo ya kila siku, na matunzo hayo hayana bei kubwa. Basi ndugu msomaji, kama una mbwa, mpapase leo masikioni na kati ya vidole. Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu kama ibuprofeni, maana vinaweza kumtoboa tumbo. Mwite daktari mapema, umwulize bei waziwazi. Ukiona una akiba baada ya hapo, unajua njia ya Kigonze.