Pini ya Rafadha

Wasomaji wengi wa gazeti hili, nadhani, wakinunua bolti dukani huuliza mambo mawili tu: unene na urefu. Nami nilikuwa vivyo hivyo, ingawa nafundisha hesabu, mpaka siku moja ya mwezi wa Julai mwaka 2018 nilipotiwa adabu katika mlango wa mto Ruvuma.

Shemeji yangu ana mashua ndogo yenye mashine ya zamani ya farasi 5. Katika mashine ya namna hiyo kuna pini nyembamba iliyopita katika mhimili wa rafadha. Pini hiyo ndiyo inayoishika rafadha ipate kuzunguka. Nayo ilikuwa imekatika mara tatu katika mwezi mmoja, kwa sababu mafungu ya mchanga ya Ruvuma huhama kila masika, na nahodha aliyeyajua mwaka jana hayajui mwaka huu. Shemeji akachoka kununua pini. Nikamwambia, "Usisumbuke, shemeji, shida hii nitaikomesha mimi." Nikatafuta bolti ya unene wa milimita 5 iliyoandikwa 12.9 kichwani, ambayo mwenye duka aliisifu kwamba hapana iliyo ngumu kuipita. Nilipotaka kuikata niifanye pini, msumeno ukaisha meno, ikanibidi kuikata kwa jiwe la umeme. Jambo hilo peke yake lingalitosha kunionya.

Juma la pili tulikuwa twarudi kutoka mashamba ya mpunga, watu saba na magunia manne, maji yakipwa kwa nguvu maana ilikuwa bamvua. Rafadha ikapiga fungu. Pini haikukatika. Kilichokatika ni meno ya gia ndani ya mashine. Tukasikia kishindo, kisha injini ikanguruma bure na rafadha ikasimama. Mkondo ukatugeuza ubavu, ukatutoa juu ya fungu, ukatuchukua kuelekea baharini. Pondo halikufika chini. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akamfungua, akamfunga upya kifuani, wala hakusema neno. Nanga ikakokota mchanga mwendo mrefu, ikanasa wakati tulipokwisha kusikia mawimbi yakivunjika pale mto unapokutana na bahari. Tukakaa hapo saa nyingi kungoja maji yajae yaturudishe kwenye mikoko. Katika saa zile zote shemeji aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ile bolti uliipima nguvu zake, au uliipima unene?"

Fundi mmoja mzee wa Mtwara mjini, nilipompelekea ile mashine, hakunicheka. Alimimina bolti mezani akanifundisha kuzisoma, kama nifundishavyo mimi watoto wa darasa la kwanza. Tarakimu ya kwanza, alisema, izidishe mara 100: hiyo ndiyo nguvu inayoikata bolti kwa kuivuta, kwa nyutoni katika kila milimita mraba. Tarakimu ya pili yaonyesha ni sehemu ngapi katika kumi za nguvu hiyo bolti yaweza kustahimili kabla ya kunyooka isirudi tena. Basi 8.8 hukatika kwa 800, na huanza kunyooka kwa 640, lakini 4.6 hukatika kwa 400, na kunyooka kwa 240. Nikafanya hesabu palepale. Bolti ya milimita 10 ina eneo la milimita mraba 58 penye hesi; ya 8.8 itachukua mzigo wa tani 3.7 hivi bila kunyooka, ya 4.6 haifikishi tani moja na nusu. Kwa macho zafanana kama pacha.

Pini yangu ya 12.9 ilikuwa na nguvu mara tatu ya chuma laini. Pini ya rafadha imewekwa ili ife kwanza, gia ipone. Mimi nilikuwa nimeigeuza gia kuwa pini. Na gia hainunuliwi kwa bei ya pini: ililiwa mishahara yangu miwili. Lakini mzee alinionya nisikimbilie upande wa pili. Bolti zifungazo injini kwenye mbao zake, au nyundo za mashine ya kusagia mahindi, zikiwa laini zitaua mtu. Hapo atumia 8.8, wala hapendi 12.9 katika hewa yetu ya chumvi, kwa kuwa chuma kigumu mno chaweza kupasuka ghafula bila kutoa dalili.

Jambo moja lilinistaajabisha zaidi. Bolti za Kimarekani za inchi hazina tarakimu, zina mistari kichwani: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Mtu asikiaye "nane" hudhani ni ile 8.8, kumbe daraja la 8 lakaribia 10.9, na 8.8 yakaribia daraja la 5. Nimewauliza walimu wenzangu watano. Hata mmoja hakulijua hilo.

Sasa katika mashua ya shemeji, chini ya ubao wa nyuma, kuna kopo la grisi lenye pini sita za shaba nyeupe na koleo moja. Tangu hapo tumekwisha kuzikata nyingi. Kubadilisha moja ni kazi ya dakika kumi, nanga ikiwa chini, na abiria hutumia nafasi hiyo kula mihogo.