Kinachobeba Tanki

Maji ni mazito kuliko tunavyodhani. Kwenye glasi hayana neno, lakini lita moja ni kilo moja, na hesabu hiyo haibadiliki hata ukivuka bahari. Nyumbani Kenya kila fundi wa kuchomelea stendi anaijua: tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima iliyokaa juu ya vichwa vya watu. Hapa Texas, mimi na mke wangu maji tunayo chini ya miguu.

Mke wangu ni muuguzi wa mikataba. Hospitali inamchukua kwa wiki 13, kisha tunahamia mji mwingine. Kukodi nyumba kwa miezi mitatu mitatu ni ghali, kwa hivyo tulinunua trela ya kuishi iliyotumika, ile ya kuvutwa na pikapu. Ina kitanda, jiko, bafu na choo. Chini ya sakafu kuna matanki mawili ya plastiki, moja la maji machafu ya sinki na bafu, jingine la choo. Kila moja ni galoni 40, yaani takriban lita 150. Yakijaa yote mawili, huko chini pananing'inia kilo 300. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi, yale ya kilo 90.

Mwezi wa tatu niliona shiti lililofunika tumbo la trela limebonyea kama gunia lililoloa. Gereji ikasema tusubiri wiki tatu. Mkataba mpya ulikuwa New Mexico, karibu kilomita 1,000 kutoka tulipokuwa, na ulianza Jumatatu. Muuguzi asiyefika halipwi. Na tanki likidondoka barabarani, si sisi tu tutakaopata hasara. Kuna mtu anayeendesha gari nyuma yetu.

Nikampigia simu mzee mmoja wa kwetu. Alichomelea vyuma Kamukunji miaka mingi kabla ya kuja huku, na sasa anapanga maboksi kwenye ghala, zamu ya usiku. Wenzake kazini wanamwita kwa jina lake la kwanza, tena wanalitamka vibaya. Sisi tunamwita Mzee.

Alifika Ijumaa asubuhi akitoka kazini, hajalala. Nilikuwa nimeshamwaga maji yote kwenye kituo cha maji taka na kukaza magurudumu kwa vigingi. Tukaweka stendi za chuma chini ya fremu, kwa sababu Mzee haingii chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Kisha tukalifungua lile shiti.

"Kijana, hii kitu imeshikwa na nini?" akaniuliza.

Ilishikwa na vipande viwili vya bati jembamba, vimefungwa kwa skrubu fupi. Kimoja kilikuwa kimepinda kama upinde. Cha pili skrubu zake zilikuwa zimetoka nusu, na ukingo wa tanki ulikuwa umechomoka kwenye reli yake. Paipu ya kutoa maji ilikuwa imeinama, ikivutwa na uzito usiokuwa wake.

"Hawa walipima tanki likiwa tupu," Mzee akasema. Hakukasirika. Alisema kama daktari anayesoma karatasi ya vipimo.

Tulifundishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa wa ukutani unauona kila siku ukinywa chai. Huu wetu ulikuwa chini ya sakafu, nyuma ya kifuniko, na tuliishi juu yake tukiwa na amani.

Tulipandisha tanki kwa jeki, na ubao mpana katikati ili jeki isitoboe plastiki. Polepole kabisa, maana plastiki iliyozeeka hupasuka ikiharakishwa. Paipu iliponyooka tukasimama. Mzee akaweka plaiwudi nene tuliyoipaka rangi, ili uzito usambae badala ya kukaa sehemu moja. Chini ya plaiwudi akapitisha anglaini tatu, chuma cha umbo la L, kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. Alitoboa ubavu wa mhimili, hakugusa ukingo wake wa chini. "Hapo ndipo nguvu ya fremu iko," akanieleza. "Ukitoboa hapo umeikopa nguvu, na hutairudisha."

Nilishangaa kwamba hakuchomelea. Mtu wa Kamukunji, na mashine ya kukodi ilikuwa karibu! Akacheka. Kuna plastiki, akasema, kuna nyaya, kuna paipu ya gesi. Cheche moja tu na mkeo hana nyumba. Halafu akatoa bolti, washa na nati za kujifunga. "Tena siku moja hili tanki litataka kushushwa. Atakayelishusha asije akanilaani."

Jioni tukajaza maji. Mzee akapima kwa tepu kutoka sakafu ya zege hadi kwenye anglaini, akaandika kwa chaki kwenye tairi, akaenda zamu. Jumamosi asubuhi alirudi, hajalala tena, akapima upya. Namba ilikuwa ile ile. Tukayamwaga maji, kwa sababu hata kama vyuma vimekaza, hakuna haja ya kusafiri na mzigo.

Mke wangu alimpikia chapati na ndengu. Alipomwekea sahani mbele alimwambia, "Karibu, fundi." Nilimwona Mzee akinyamaza kidogo. Miaka minane yuko nchi hii, na sidhani kuna aliyewahi kumwita hivyo. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama huko New Mexico kuna watu wetu wengine wanaoishi kwenye trela, na kama wameshaangalia chini.