Mbuzi Mdogo au Mbuzi Mkubwa?

Kaberebere ni mji mdogo wilayani Isingiro, kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Sisi tunaoishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale tunaufahamu kama mahali pa kushukia taksi, kununua sabuni na mafuta ya kupikia, na kuulizia mifugo kwa wenyeji wa vijiji vya jirani. Katika insha hii nataka kueleza jinsi familia yetu ilivyochagua mbuzi wa kununua huko, kwa sababu swali tulilojiuliza linawasumbua wengi: ununue mnyama mdogo umlee, au mkubwa aliyekwisha kulelewa na mwingine?

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Familia yetu ilitoka Kivu Kaskazini. Tulipewa kipande cha ardhi, tukajenga nyumba ya udongo, tukalima mahindi na maharagwe. Mama alikuwa na mbuzi mmoja jike. Mwaka niliofanya mtihani wa mwisho wa sekondari alimuuza akiwa na mimba, ili nilipiwe ada. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, pengo la mbuzi yule likaonekana wazi. Nyumba isiyo na mfugo haina pa kushika siku ya ugonjwa.

Nilipata vibarua vya kutafsiri wakati wa likizo, nikaweka akiba shilingi 250,000. Niliazimia kumrudishia mama mbuzi wake. Tulipoanza kuulizia bei, tukagundua kwamba kwa fedha hizo tungeweza kununua mbuzi wadogo wawili majike walioachishwa kunyonya, au mkubwa mmoja aliyekwisha kuzaa.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka tisa, alitaka wadogo. Alikwisha kuwachagulia majina. Kaka yangu naye aliwataka, kwa hesabu yake kwamba wawili ni wengi kuliko mmoja, na mmoja akifa anabaki mwingine. Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Nani atawalea?"

Swali hilo lilitulazimisha kuhesabu miezi badala ya shilingi. Mbuzi wa miezi minne hafai kupandwa hadi akaribie mwaka mmoja na awe na mwili wa kutosha. Akipandwa mapema, yeye hudumaa na mtoto wake huzaliwa dhaifu. Mimba ya mbuzi huchukua miezi mitano. Kwa hiyo ungepita mwaka mzima au zaidi kabla ya kuona mzao wa kwanza, na mzao huo nao ungehitaji miezi mitatu minne ya kunyonya kabla ya kuuzwa. Katika muda wote huo mbuzi mdogo anatakiwa kukingwa na minyoo, kuhara na baridi ya msimu wa mvua inayoleta homa ya mapafu. Mimi nilikuwa narudi chuoni. Kaka anashinda kwenye vibarua. Mama magoti yanamsumbua. Aliyebaki ni mtoto wa miaka tisa ambaye asubuhi yuko shuleni.

Siku hizo hizo binamu yangu, aliyehamishiwa Marekani, alitutumia picha ya mnyama anayemfuga ndani ya nyumba yake: mjusi! Tulicheka mpaka machozi. Ni mjusi wa asili ya Australia, mwenye miiba laini chini ya kidevu inayofanana na ndevu. Nilimuuliza kwa nini hakununua mtoto, maana niliona watoto wake wanapendeza zaidi. Akanieleza kwamba mjusi mchanga hulishwa wadudu mara kadhaa kwa siku na huhitaji joto la kupimwa vizuri, wakati aliyekomaa hula majani zaidi na huvumilia. "Mimi nafanya kazi zamu ya usiku," alisema, "ningempa nani?" Alimchukua mkubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Niliona kwamba yeye anafuga kwa ajili ya kuondoa upweke na sisi kwa ajili ya ada na dawa, lakini swali la mama limemfikia hata huko.

Hata hivyo, mkubwa naye ana mashaka yake. Mdogo unamjua tangu mwanzo. Mkubwa ana mambo ya nyuma ambayo hukuyaona. Huenda anauzwa kwa sababu hashiki mimba, au huzitupa, au kiwele chake kimekufa upande mmoja. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefuga tangu utoto wake, alitufundisha namna ya kumkagua. Kwanza mfungue mdomo. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini. Yakiwa madogo yote, bado ni mtoto. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kisha takribani jozi moja kila mwaka, hadi yote manane yawe makubwa akifika miaka minne. Baada ya hapo ukiyaona yameachana na kuanza kung'oka, huyo amezeeka. Pili, geuza ukope wa chini: wekundu ni dalili njema, weupe ni dalili ya upungufu wa damu, na mara nyingi minyoo ndiyo inayoimaliza. Tatu, papasa kiwele chote, uone kama ni laini na hakina uvimbe. Nne, tazama kwato na mwendo wake. "Na ukimaliza mbuzi," alisema mzee, "mkague anayemuuza."

Tulingoja kidogo, kwa sababu Isingiro ni wilaya ya mifugo na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo hutokea mara kwa mara. Wakati huo mifugo hairuhusiwi kuuzwa wala kuhamishwa. Njia ilipofunguka, mwezi Septemba, tulielekezwa kwa bibi mmoja katika kijiji kilicho karibu na Kaberebere. Mimi nilikuwa mkalimani. Neno moja tu halikuhitaji mkalimani, kwani kwa Kinyankore mbuzi ni embuzi.

Mbuzi alikuwa na jozi mbili za meno makubwa, yaani umri wa miaka miwili hivi. Alikwisha kuzaa mara moja, na bibi alisema amepandwa miezi miwili iliyopita. Ukope ulikuwa mwekundu, kiwele laini. Bei ilikuwa shilingi 230,000. Kaka alininong'oneza nianzie 170,000.

Mama akasema, "Muulize kwanza kwa nini anamuuza."

"Nyabo," nilimwambia bibi kwa heshima ya huko, "mama anauliza sababu ya kumuuza."

Bibi alijibu bila kuficha. Muhula wa tatu umeanza na mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nilipotafsiri, mama alinyamaza, kisha akafungua fundo la kitenge akahesabu 230,000 zote. Kaka alipotaka kusema neno, mama alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku nilipouza wangu, aliyenunua alijua kwamba nina haraka."

Jibu hilo lilinifundisha jambo ambalo halimo katika hesabu ya miezi. Mtu hauzi mbuzi mzuri mwenye mimba kwa kupenda. Mbuzi mkubwa aliye mzima hufika sokoni akiletwa na shida, hasa shule zinapofunguliwa, na wakati huo ndipo mnunuzi anapoweza kumbana muuzaji. Kumnunua mkubwa ni kununua jasho la mwingine: asubuhi alizokata majani, usiku aliokesha mnyama alipozaa. Bei ya haki ni kulipia na hayo. Anayenunua mdogo, jasho hilo atalitoa mwenyewe baadaye, na ndiyo maana bei yake ni ndogo.

Siku za kwanza mbuzi wetu alilia sana na kuvuta kamba akielekea alikotoka. Mdogo wangu, aliyekuwa amenuna, alianza kumpelekea maganda ya matoke, na baada ya wiki alikuwa akimfuata bila kamba. Mwezi Desemba alizaa mapacha, dume na jike. Dume ameuzwa. Jike ana jina, mojawapo ya yale aliyoyachagua mdogo wangu kabla hatujanunua chochote. Huyo ndiye anayemlea, na mama yake mbuzi anamsaidia kazi hiyo.

Kwa kumalizia, sisemi kwamba kila mtu anunue mkubwa. Mwenye kijana wa kushinda nyumbani, malisho ya karibu na subira ya mwaka mmoja na nusu, anunue wadogo wawili. Atapata wengi na atajua tabia zao tangu mwanzo. Asiye na muda anunue mkubwa, akague meno, ukope na kiwele, na amuulize muuzaji sababu. Akijibiwa kwamba ni ada ya mtoto, alipe bei iliyotajwa.