Futi tano zilizouliza mji

Wapenzi wa safu hii, wiki hii siwapeleki Bagamoyo wala Lushoto. Vaeni makoti. Tunakwenda Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani, mahali ambapo ukiingia kwenye friza la wauza samaki wa Feri utasema umeota moto.

Nilitua huko mwezi Februari kumtembelea dada yangu. Nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Wee acha tu! Pua inanata kwa ndani, kope zinashikana, na koti langu la mtumba nililochagua Karume kwa mbwembwe zote likageuka khanga. Shemeji alinipokea uwanja wa ndege, akaliangalia, akacheka mpaka akakohoa.

"Shem, hilo koti au pazia?"

Nilidhani Marekani yote ni magorofa. Nilichokikuta ni ubapa. Nchi imelala kama chapati mezani, hakuna mlima, hakuna kichuguu, ni theluji mpaka macho yanapochoka. Zamani za barafu, maelfu ya miaka iliyopita, sehemu ile ilikuwa ziwa kubwa mno ambalo wataalamu wanaliita Agassiz. Ziwa likakauka, sakafu yake ikabaki. Watu wa Fargo wanalima na kujenga juu ya sakafu ya ziwa.

Katikati ya ubapa huo unapita mto unaoitwa Red River. Usitegemee mto wa kutisha. Hauna haraka, kila maili moja unashuka hata futi moja haifiki. Shida yake ni njia: unatoka kusini kwenda kaskazini, mpaka Kanada. Sasa piga picha. Majira ya baridi yakiisha, jua linaanza kuyeyusha theluji ya kusini. Maji yanaanza safari, yakifika kaskazini yanakuta mto bado umefungwa na barafu. Yanakwenda wapi? Yanatawanyika mashambani na mitaani.

Ndiyo maana kule taarifa ya hali ya hewa haina utani. Bongo ikifika sehemu hiyo kwenye televisheni, ndio wakati wa kuinuka kwenda kuonja mboga jikoni. Kwa dada, ilipofika, aliongeza sauti na kunyoosha kidole: nyamaza.

Nikajifunza mambo pale kwenye kochi. Kumbe hawapimi kina cha theluji tu, wanapima maji yaliyomo ndani yake, maana kuna theluji nyepesi kama pamba na kuna nzito kama unga wa jana. Wanaangalia ardhi ilikuwa na unyevu kiasi gani kabla ya kuganda, kwa sababu ardhi iliyolowa ikaganda hainywi kitu. Halafu kuna mambo mawili ya kuomba dua: theluji isiyeyuke yote kwa mpigo, na mvua isinyeshe juu yake. Mchana joto kidogo, usiku baridi, ndiyo raha yao.

Jumamosi Shemeji akanipeleka Grand Forks, mji wa kaskazini zaidi, mwendo wa kilometa 130 hivi. Pale karibu na mto kuna mnara wa mawe wenye alama za mafuriko ya miaka mbalimbali. Nilisimama chini nikainua shingo kutafuta alama ya 1997. Iko juu mno kichwani.

Stori yake ndiyo iliyonifanya niandike. Majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997 yalikuwa si mchezo. Fargo peke yake ilipata theluji ya inchi 117, karibu mita tatu. Idara ya hali ya hewa ikatangaza kwamba pale Grand Forks mto ungepanda mpaka futi 49. Watu wakaikariri hiyo 49 kama namba ya bahati nasibu. Na hawakuogopa sana, kwa sababu mwaka 1979 mto ulishafika karibu futi 49 na mji ukapona. Wakajaza viroba vya mchanga, wakainua matuta, wakaongeza na kidogo cha tahadhari.

Mto ukaja na futi 54.35.

Tofauti ya futi tano na kitu. Hata urefu wangu haufiki! Lakini kwenye nchi bapa, futi tano ni mji mzima. Watu zaidi ya 50,000 wa Grand Forks na East Grand Forks, mji pacha ng'ambo ya mto, wakahama. Tarehe 19 Aprili moto ukawaka katikati ya mji, majengo 11 yakateketea huku yamezungukwa na maji. Jengo la gazeti la mji, Grand Forks Herald, nalo likaungua, lakini gazeti likaendelea kutoka. Mtaa wa Lincoln Drive haukurudi tena. Leo ni bustani. Nilipita pale, theluji tupu, nikajiuliza jiko la nani lilikuwa hapa.

Wataalamu hawakudanganya. Namba ilikuwa makadirio, watu wakaichukua kama ahadi. Baada ya hapo idara ikaanza kutoa utabiri kwa asilimia: uwezekano wa maji kufika hapa ni huu, kufika pale ni huu.

Usiku nikamuuliza dada, "Mwaka huu wamesema ngapi?"

"Mdogo wangu, mimi siulizi ngapi. Nauliza, yakizidi je?"

Akanionyesha. Bima ya mafuriko ameshakata wakati mto bado ni barafu, kwa sababu kule kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Huwezi kukata maji yakiwa mlangoni. Kwenye chumba cha chini ya ardhi hakuna kitu cha thamani. Juu kabatini kuna boksi la plastiki: pasipoti, vyeti, picha za watoto.

Hapo nikanyamaza. Desemba 2011, mimi nikiwa darasa la pili, tulikuwa tunaishi bonde la Msimbazi. Mafuriko yale yaliua watu wapatao 40 Dar. Sisi tulipona kwenye paa la jirani. Picha pekee ya marehemu baba ilikuwa kwenye begi chini ya kitanda. Mamlaka ilikuwa imeonya, nasi tukasema kama kawaida: maji yataishia kizingitini, ndipo yalipoishia mwaka ule mwingine. Ile ndiyo ilikuwa 49 yetu.

Dada hakusema kitu. Akafunga boksi, akalirudisha juu kabatini.

Basi, jamani, masika ikitangazwa, mboga isubiri. Msikilize mpaka mwisho, na vyeti vyenu mviweke juu. Mimi nimeshanunua boksi, Kariakoo, lenye kifuniko cha bluu.

Tukutane wiki ijayo.